Kazi Yangu ya Kwanza Ilikuwa Jiliwa

Kazi yangu ya kwanza katika useremala ilikuwa kuwa jiliwa. Sisemi kununua jiliwa, wala kulifunga, wala kulipaka mafuta. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa jiliwa. Fundi akilaza ubao juu ya meza, mimi napanda, nakaa juu yake kwa makalio yangu yote, naambiwa nisipumue sana, naye anapiga randa kuja kwangu mpaka maranda yananirukia magotini. Nyinyi vijana mnaozungusha mkono wa chuma mara mbili, mataya yakabana, ubao ukatulia tuli, hamjui mmeokoka na nini.

Naandika haya kwa sababu siku ile ya kuniaga, katikati ya soda na hotuba, mmoja wenu aliuliza kwa nini ile meza kuukuu ya kona, ambayo nilikataa isitupwe miaka yote niliyofundisha hapa, jiliwa lake limefungwa mwisho wa kulia na meza nyingine zote lipo kushoto. Mwenzake akamjibu kabla yangu: "Mzee alikosea." Mkacheka. Nami nikacheka, maana keki ilikuwa mdomoni. Sasa keki imekwisha, nitajibu.

Nilitoka Ntimaru miaka ile ya sitini, Uhuru bado mbichi, nikiwa na ndevu za kwanza na shati moja la kutokea. Baba alitaka nichunge ng'ombe. Mimi nilitaka kutengeneza milango. Kwetu mlango wa maana nilikuwa nimeuona mmoja tu, wa kanisa, na niliufungua na kuufunga mpaka katekista akanifukuza. Mtu mmoja akaniambia kwamba Homa Bay kuna fundi Mjaluo anayeitwa Ogola, ambaye milango yake haikwami hata mvua ikinyesha mwezi mzima. Nikaenda.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko. Mzee Ogola alikuwa mrefu, mkavu, Msabato wa kweli kweli, mtu wa maneno machache na yote ya kuchokoza. Kijaluo sikukijua, na yeye Kikuria hakukijua, basi tukabaki na Kiswahili, kila mmoja akikiumiza kwa namna yake. Yeye "sh" na "z" zilimshinda, zote zikatoka "s". Mimi nilikuwa sina "l". Siku ya kwanza alinitazama toka juu mpaka chini.

"Unaitwa nani?"

"Mwita, Mzee."

"Unawesa kufanya nini?"

"Nataka kutengeneza mrango."

"Mrango!" akasema, akacheka mpaka akashika meza. "Basi tutaansa na mrango, mlango itakuja baadaye. Unawesa kukaa?"

"Naweza."

"Kaa hapo juu ya mbao. Na usisuke mpaka nimesema suka."

Nikakaa. Ulikuwa ubao wa mvule, na nilishuka jioni. Mwaka wa kwanza kazi yangu ikawa karibu hiyo tu, kukaa, kusogea, kukaa tena. Msinionee huruma sana. Mtu aliyekaliwa na kazi, au aliyeikalia, hujifunza. Kwa makalio nilijua ubao uliopinda kabla macho hayajaona. Nilijua randa ikiwa butu kwa jinsi ubao ulivyotetemeka. Na kwa kuwa nilikaa nikimwangalia Mzee usoni, nilijua kila alichokuwa akifikiri kuhusu ubao ule, na wakati mwingine kuhusu mimi.

Alikuwa na randa tatu: ndefu ya kunyooshea, ya kati, na fupi ya kumalizia. Zote za mbao, zimeng'aa kwa kiganja chake. Jiliwa hakutaka hata kulisikia. "Chuma haisikii," alikuwa akisema. "Ikibana, imebana tu. Mtu nikimwambia legesa kidogo, anasikia." Nilijivuna kidogo kusikia hivyo, mpaka nilipogundua kwamba alikuwa akinisifu kama kifaa.

Halafu mkono wake ukaumia. Tulikuwa tumeenda upande wa Asumbi kuchukua mvule kwa wapasua mbao. Gogo lilibiringika kutoka mdomoni mwa shimo la kupasulia na kumbana mkono wa kulia kwenye jiwe. Mifupa iliunga, hilo tunashukuru. Lakini vidole vilikataa kujifunga. Mkono ulibaki umekunjika nusu, kama wa mtu aliyeshika kikombe ambacho hakipo. Angeweza kuulaza juu ya kitu, angeweza kukandamiza nao kidogo, ila kushika, hapana.

Mzee akatoa stuli nje ya mlango wa karakana akakaa. Mimi nikafanya kazi ndani, vibaya. Milango yangu ilikwama hata wakati wa kiangazi. Yeye hakunikaripia, na hilo ndilo lililonitisha. Ogola asiyekuchokoza hakuwa Ogola.

Kisha akaanza kugawa randa zake. Ile ndefu alimpa mkwewe wa Rangwe. Ile ya kati akampa fundi mmoja wa kanisani kwao. Mkewe, Mama Atieno, aliyekuwa akiuza nafaka sokoni, alinijia siku moja na kunisimamisha kati ya magunia.

"Mwita, amebaki na ngapi?"

"Moja, Mama."

"Akitoa hiyo, mimi nitakuwa na bwana wa kukaa tu na kungoja kufa. Namjua. Baba yake alifanya hivyo hivyo na nyavu yake. Alimaliza kugawa, akalala."

Hata wiki haikuisha, Mzee aliniita nje. Ile randa fupi ilikuwa mapajani mwake. Akaniambia niichukue. "Mtama ikivunwa, urudi kwenu. Huwesi kujifunsa kwa mtu ya stuli." Mzee akikupa kitu hukatai, kwetu na kwao ni hivyo. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilipiga nayo kazi kwa sababu hakukuwa na nyingine, lakini kila jioni niliirudisha kwenye rafu yake, palepale alipokuwa akiiweka, nikiielekeza vilevile. Ilikuwa yangu, lakini sikutaka ianze kukaa kama yangu.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Hilo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema, mpaka mimi nikalisema. Mzee alinitazama utadhani nimemtukania mama.

"Kitanda ya bibi arusi nipige randa na kusoto? Watu walale hapo?"

Nyinyi wa leo mnasalimiana kwa viwiko, hamwezi kujua. Wakati ule, kwa Wajaluo na kwetu Wakuria, mkono wa kushoto haukusalimia mtu, haukumpa mkubwa kitu, haukupokea chakula. Mtoto aliyeanza kula kwa mkono wa kushoto aligongwa kidogo kidogo mpaka akahamia wa kulia. Mtu wa kushoto Wajaluo humwita racham, na sijawahi kusikia neno hilo likisemwa kwa kusifu.

Mama Atieno alikuwa mlangoni na kikapu. "Hiyo kushoto," akasema, "ndiyo ilinishika siku mto ilikuwa inanibeba. Sikuuliza ni mkono gani."

Jioni nilimwona Mzee akiutazama mkono wenyewe, akiugeuza huku na huku.

Nilimwambia nitakaa juu ya ubao kama zamani, ajaribu. Akajaribu mara moja. Randa ikachimba, ikaruka, akainua macho, na mimi hapo nimekaa mbele yake, mwanafunzi wake, ninamtazama usoni. Akaiweka chini akatoka. Mtu mzima anayejifunza upya kitu alichokijua maisha yake yote hataki macho. Ndipo nilipowaza juu ya jiliwa. Chuma hakisikii, sawa. Lakini pia hakitazami.

Nikaenda duka la vifaa pale Homa Bay. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi mwenye haraka. "Nataka jiriwa," nikasema. Akanitazama. "Nini imeliwa?" Nikarudia kwa sauti kubwa, kana kwamba sauti kubwa ingeleta "l". Akaingia nyuma, akarudi ananiletea mtego wa panya. Nilipomwonyesha kwa mikono, mataya mawili yanayokutana, akasema, "Ndiyo, ndiyo, mtego!" Tulihangaika mpaka nikazungusha vidole kwenye ukingo wa kaunta kuonyesha skrubu. Kumbe alikuwa nayo matatu.

Yote matatu yalikuwa ya mafundi wa chuma. Hapa sikilizeni, maana hata leo mnakosea hapa hapa. Jiliwa la chuma husimama juu ya meza kama kichwa, mataya yake membamba yana meno. Litabana bomba vizuri sana. Ubao litauuma, na alama ile hutaipiga randa ikatoka bila kuondoa nusu ya ubao. La seremala hukaa chini ya ukingo wa meza, mataya mapana, laini, yenye matundu ya kupigilia vibao. Nikamshukuru yule mzee nikatoka. Mtego wa panya niliununua, kwa aibu, na ulifanya kazi vizuri.

Nikapanda basi kwenda Isebania. Huko kulikuwa na Mkuria mwenzangu, Marwa, aliyekuwa akinunua vitu kuukuu kila kona ya Migori na kuvipanga kwenye stoo isiyo na mlango. Alikuwa na vyombo vya karakana ya mgodi uliofungwa, na katikati ya minyororo nikaona majiliwa mawili ya seremala.

"Mura, chukua hili jipya," Marwa akaniambia, akilipiga kofi moja lililopakwa rangi ya kijani. Kwa neno hilo mura, yaani kijana, Kikuria changu kilirudi kwa furaha, nilikuwa nimekikosa.

Sikuchukua jipya. Nililizungusha, likaenda kwa kushtuka shtuka, na mchanga ulisikika ndani ya skrubu. Lile jingine lilikuwa na kutu usoni, lakini mkono wake ulizunguka kimya. Nikavuta taya la mbele mpaka mwisho nikalitikisa juu na chini. Halikucheza, fito zake mbili za kuongozea zilikuwa bado zimekaza. Kisha nikaweka jani la muhindi kati ya mataya kwa juu na jingine kwa chini, nikafunga taratibu. La juu likabanwa kwanza, halafu la chini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ubao tunaupiga randa kwa juu, na hapo ndipo unapotaka ushikwe zaidi. Kutu ya usoni nendeni nayo nyumbani, mafuta ya taa yataiondoa. Skrubu iliyokula mchanga haina dawa.

"Unataka nini kwa hili?" nikamuuliza Marwa.

Akatazama tundu la stoo yake. "Mlango," akasema.

Nikamtengenezea mlango palepale Isebania, kwa vyombo vya stoo yake, nimekaa chini, ubao nimeubana kwa nyayo, madereva wa malori wanapita wakinipa ushauri. Ulifunga vizuri. Ulikuwa mlango wangu wa kwanza usiokwama, na nilisikitika kwamba Mzee Ogola hakuwepo kuuona.

Nilifika Homa Bay na jiliwa ndani ya gunia siku ya Ijumaa mchana. Mzee alikuwa kwenye stuli yake. Alitazama gunia, akatazama uso wangu, akatazama ziwa. Nikaingia nikaanza kutoboa meza kwa keekee, kwa haraka, maana nilikuwa na wasiwasi atanizuia. Nilikuwa nimeingiza bolti moja tu kati ya nne Mama Atieno alipopaza sauti kutoka uani: "Mwita! Jua!"

Jua la Ijumaa likigusa vilima, kazi katika boma la Msabato imekwisha. Mimi sikuwa Msabato, lakini keekee lilikuwa la Msabato. Nikaweka gogo chini ya jiliwa lisije likavunja bolti ile moja, nikafagia maranda upesi, nikanawa. Likalala hivyo, linaning'inia upande.

Jumamosi walirudi kutoka kanisani alasiri. Mimi nilikuwa nimejinyoosha nyuma ya rundo la mbao mle karakanani, ndiko nilikokuwa nikilala. Mzee akaingia na shati lake jeupe la ibada. Nilitaka kumwamkia, lakini namna alivyofunga mlango nyuma yake ilininyamazisha. Kupitia nafasi ya mbao nilimwona akishika mkono wa jiliwa kwa kushoto akauzungusha. Taya likatoka. Akauzungusha, likarudi. Akaweka ukingo wa Biblia yake—hapana, akaghairi, akaweka kofia. Jiliwa likaikamata kofia, akaivuta, haikutoka. Akatoa sauti ndogo ya puani.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akasimama kama tunavyosimama kwenye kazi, mguu mmoja mbele, akakunja kidole cha mkono wa kushoto kwenye randa ambayo haikuwepo, akalaza ule mkono mbovu mbele yake, akasukuma hewa. Chombo hakushika, kwa hiyo sijui mchungaji wake angesemaje. Alisukuma mara ya pili, akasimama. Akahamia mwisho mwingine wa meza, upande wa kulia, ambako hakukuwa na kitu. Akasukuma hewa huko. Akarudia, taratibu, mwili mzima ukienda naye. Machozi yalinilenga, sioni haya kusema.

"Mwita," akasema bila kugeuka. "Toka hapo nyuma ya mbao."

Nikatoka.

"Hii kitu umefungia nani?"

"Nimekufungia wewe, Mzee."

"Uongo. Umefungia Mwita." Akanivuta mkono. "Ona. Wewe mtu ya kulia unasukuma kwenda kusoto. Jiliwa iko kusoto, mbao inasukumwa ndani ya mdomo, na mkia yake imelala juu ya mesa. Sawa. Sasa mimi." Akageuka, akainua mkono wa kushoto, na hakuuficha. "Mimi nasukuma kwenda kulia. Nikisukuma hapa, navuta mbao itoke kwa mdomo. Na mkia iko wapi? Iko nje, kwa hewa!"

"Kweri, Mzee."

"Unasema Ogola apige randa na kusoto, halafu unamfungia jiliwa ya mtu ya kulia. Yawa! Keso tutahamisa."

Alikuwa amenichokoza. Nilitoka nje nikamwambia Mama Atieno, akaketi chini kwenye mkeka akacheka na kulia pamoja.

Jumapili tukahamisha, yeye akielekeza. Alinifanya nichimbe ukingo wa meza kwa patasi mpaka taya la nyuma likalala sawasawa na uso wa mbele, ili ubao mrefu uegemee meza yote, si chuma pekee. Chini ya meza tukaweka kipande cha mvule, jiliwa lishuke upana wa kidole, randa isije ikakutana na chuma. Bolti zikapita toka juu, vichwa vikazamishwa na kuzibwa kwa mbao. Msitumie skrubu za kutoka chini, zitalegea mbele ya macho yenu. Tukaliweka karibu na mguu wa meza ili ukipiga patasi meza isiruke. Vibao vya mataya tulikata vya mwerezi, ulio laini kuliko mvule, maana kama ni lazima mmoja apate alama, bora awe kibao. Lile tundu langu la Ijumaa alinifanya nilizibe kwa kigingi cha mviringo. Ndicho kile kiraka mnachokiona kwenye mwisho wa kushoto na kukiita donda.

Tulipomaliza, Mzee akabana ubao akanitazama. "Nenda sokoni ulete chumvi."

Nikaenda. Niliporudi, akanituma kiberiti. Kesho yake chumvi tena. Wiki hiyo yote nilitumwa chumvi mpaka Mama Atieno akauliza kama tunafungua duka. Sikulalamika. Kila niliporudi randa ilikuwa kwenye rafu, palepale, imeelekezwa vilevile, lakini maranda yalikuwa yamelala upande wa kulia wa meza ambako mimi sikuwahi kuyaangusha. Mwanzoni yalikuwa mapande mapande, yamechanika kama ugali uliokosa maji. Nikayafagia bila kusema. Siku hadi siku yakawa marefu zaidi. Asubuhi moja niliokota moja lililonizunguka kiganja mara kadhaa bila kukatika, nikalitia mfukoni.

Mtama ulikuwa tayari shambani. Watu walikuwa wanaanza kuvuna, na hakuna aliyetaja safari yangu.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mteja, mtu wa Rangwe, amekuja kuona kama mlango wake umekwisha. Alikuta ubao wa mlango huo umo ndani ya jiliwa, mwisho wa kulia, na Mzee amesimama mbele yake katika aproni iliyokuwa haijavaliwa tangu siku ya gogo. Mimi nilisimama karibu na rafu nikijua nitatumwa chumvi. Mteja akaangalia jinsi Mzee alivyosimama.

"Fundi, kumbe siku hizi wewe ni racham?"

Nikashika pumzi kuliko siku yoyote niliyokaa juu ya ubao. Mzee akakaza mkono wa jiliwa kwa kushoto.

"Ndiyo," akasema. "Mlango ikikwama, rudisa."

Kisha akanyoosha mkono kwangu, ule wa kushoto, mbele ya mgeni, kiganja wazi.

"Mwita. Lete randa yangu."

Nikaitoa kwenye rafu nikampa kwa mikono miwili. Mtama ulivunwa, mimi nikabaki, na mlango ule wa Rangwe haujawahi kurudishwa. Miaka mingi baadaye aliniachia meza ile pamoja na jiliwa lake, na katika kazi hii nimepewa vitu vingi na watu wema, nyinyi mkiwemo. Lakini hakuna siku niliyofurahi kama ile niliyonyang'anywa randa.